Ndege mdogo mwenye mkia mrefu anawafukuza wenzake wote kwenye karai la maji, nimfanyeje?

mamaNeema_usa

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye kujua mambo ya ndege, mimi ni mama wa nyumbani tu ila hili jambo limenikaa moyoni.

Nipo Usa River, Arusha. Mama yangu mzazi alipata kiharusi mwaka jana, mkono wa kulia hauna nguvu na maneno yanatoka kwa shida, sasa kila asubuhi akishaoga na kunywa uji tunamtoa barazani apate jua. Siku moja dada wa kazi alimwaga chenga za mchele chini ya mparachichi, wakaja jurawa watatu wakaanza kudonoa, mama akawanyooshea mkono wa kushoto akacheka kwa sauti, na hicho kicheko tulikuwa hatujakisikia tangu aumwe. Basi kuanzia hapo nikachukua karai la fundi lililokuwa limekaa tu nyuma ya nyumba, nikaweka mawe ndani ili maji yasiwe na kina, na juu ya kisiki naweka ungo wenye uwele na chenga, papai likiwepo naweka kipande.

Yaani tumeona mambo. Kuna kuzumburu, hawa wenye kishungi na mkia mrefu wanaomaliza mapapai ya watu, wakishakula wanapanda kwenye ua wananing'inia wamebenua matumbo juani, miguu wameipanua huku na huku, utadhani kuna mtu kawaanika. Kuna hua, juzi mmoja alilala ubavu kwenye majani bawa moja limenyooka juu, dada wa kazi akaenda kumwokota akijua amekufa, akaruka puu! Na mama ndiye aliyegundua kwamba hua hanywi maji kama kuku. Kuku si anadonoa maji halafu anatazama juu, tulikuwa tunaambiwa utotoni anamshukuru Mungu, hua hainui kichwa, anatumbukiza mdomo anavuta tu mpaka anatosheka. Mama alinivuta gauni akanionyesha akasema "ng'ombe". Nikaja kuelewa baadaye kwamba anasema anakunywa kama ng'ombe.

Sasa shida ni hii. Tangu mvua zichanganye amekuja ndege mmoja, mwili wake hauzidi wa jurawa, mweusi juu mweupe chini, mdomo mwekundu, mkia mweusi mwembamba mrefu kuliko mwili wenyewe. Mzuri kwa kweli. Lakini hataki mtu. Anakaa kwenye kamba ya kuanikia nguo, akitua ndege yeyote kwenye ungo anamshukia, hata hua ambaye kwake ni kama jitu anaondoka mbio. Vile vidogo vya kahawia vyenye mdomo mwekundu na mstari mwekundu machoni, ambavyo mama anavipenda kuliko wote maana vinakuja kundi zima vikilialia, sasa hivi havipati hata punje. Na cha kushangaza akishawafukuza wote mwenyewe hali! Anadonoa mara mbili tatu anarudi kwenye kamba. Mama anakasirika mpaka machozi yanamtoka, anapiga mkono wa kiti. Mwanangu anataka kumtandika manati nimemkataza.

Ni ndege gani huyu, kwa nini ana roho hiyo, na nimfanyeje bila kumdhuru?

Na lingine dogo, kuna ndege mwenye kichwa cheusi na njano chini ya mkia, akimaliza kuoga anaenda kupigana na saiti mira ya gari la shemeji, kila siku, mpaka kioo chote kimejaa alama za mdomo na kinyesi. Anataka nini?

Chotara_Makumira

Pole kwa kuuguza dada. Huyo mwekee ulimbo kwenye hiyo kamba, siku moja tu habari yake imeisha. Sisi utotoni ndio tulikuwa tunafanya hivyo.

Mpandamlima77

Hapana jamani, ulimbo usimshauri mtu. Ulimbo hauchagui, atakayenasa wa kwanza huenda akawa huyohuyo mama anayempenda, na manyoya yakishashika ulimbo hata ukimbandua haruki tena.

Mama Neema shikamoo, na mpe pole sana bibi. Mimi nilisoma Mweka, chuo cha wanyamapori, na nimetembeza wageni wa kuangalia ndege miaka mingi, ndege uliyemweleza ni fumbwe, dume, na umemweleza vizuri kuliko wageni wengine wenye darubini za bei mbaya. Nikueleze habari zake maana ukizijua hasira itapungua, hata kwa bibi.

Fumbwe dume huo mkia na hizo rangi hana mwaka mzima. Msimu wa kuzaliana ukipita mkia unapukutika, anabaki wa kahawia mwenye michirizi, ukimwona huwezi kumtofautisha na jike na ungesema ni jurawa tu. Mvua zikianza na nyasi zikitoa mbegu ndio anavaa tena. Na akivaa anatafuta mahali penye chakula na maji na sehemu ya juu ya kukaa aonekane, anapashikilia kama kiwanja chake. Hapo kwako umempa vyote vitatu: ungo, karai, kamba ya nguo! Kwa hiyo hafukuzi kwa sababu ya njaa au uchoyo wa chakula. Anachokilinda ni mahali, kwa sababu majike wanazunguka wanatafuta pa kula na pa kunywa, na dume mwenye mahali pazuri ndiye anayepata majike, tena wengi, hana mke mmoja. Anayefukuzwa kwa nguvu zote ni dume mwenzake, ila akishapandwa na huo moto hachagui tena, hua, mnana, jurawa, wote anaona wamevamia.

Sasa naomba ufanye kitu kimoja kabla ya kingine chochote. Kesho asubuhi kaa na bibi mwangalie vizuri, je kuna ndege wa kahawia wenye michirizi, wasio na urembo wowote, ambao wakitua kwenye ungo huyo bwana HAWAFUKUZI? Njoo utuambie.

Hivyo vidogo vya mdomo mwekundu ni mshigi. Na hapo ndipo utashangaa zaidi, maana fumbwe hajengi kiota wala halei mtoto. Jike lake linavizia kiota cha mshigi linataga humo, mshigi analalia mayai yote na kulisha wote. Kwa hiyo huyo bwana anamfukuza kwenye ungo yuleyule anayemlelea watoto.

Kuhusu chakula, dawa ni kugawanya. Ungo mmoja anaumudu, hawezi kulinda sehemu mbili ambazo akiwa kwenye kamba haoni zote kwa pamoja. Weka uwele kidogo upande mwingine wa nyumba, usiweke kwenye chombo, mwaga tu chini karibu na kichaka au majani marefu, mshigi wanapenda kuokota chini na wakishtuka waingie kichakani. Kiti cha bibi ukigeuze kielekee huko.

mtu_wa_kisauni

Wewe shukuru ni fumbwe tu dada yangu, njoo Mombasa uone kunguru. Namzungumzia yule mwembamba wa shingo ya kijivu, wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti asafishe taka za mji halafu akaenea pwani yote. Niliweka beseni uani kwa ajili ya vindege, siku ya tatu nakuta beseni limejaa mikate. Nikadhani ni watoto wa jirani. Nikakaa dirishani nikitazama, akaja kunguru na ganda la mkate mkavu mdomoni, akalitia majini, akalitoa, akalijaribu, bado gumu, akalirudisha tena, akaliacha akasimama pembeni akitizama huku na huku kama mtu anangoja chai ipoe, kisha akalitoa limelowa akalila taratibu. Na kesho yake mfupa wa kuku. Maji yananuka, vindege hawaji tena.

Akili anayo sikatai. Lakini huyu anakula mayai na makinda ya ndege wengine, chozi na shorewanda hapa mtaani kwetu walikuwa tele na sasa wa kuhesabu. Kwa hiyo nakushauri makombo ya jikoni usiweke kabisa, ugali, mkate, mifupa, nyama, kunguru wakishajua njia hawasahau. Weka nafaka kavu na tunda basi. Na beseni lisuguliwe.

Mpandamlima77

Umesema kweli kaka, na nimwongezee mama Neema hapo kwenye kusugua. Maji yabadilishwe kila siku au siku mbili, yakikaa wiki unafuga mbu. Na karai usugue kwa brashi na maji ya moto mara moja kwa wiki, hasa kwa sababu una hua wengi, kuna ugonjwa wa koo unaowapata njiwa na hua, unaambukizwa kwa kunywa na kula pamoja, ukimwona hua amejikunyata manyoya yamefumuka, anameza kwa shida na mate yanamtoka mdomoni, ondoa maji na chakula chote wiki mbili tatu watawanyike. Kuwaonea huruma ukaendelea kuwalisha hapo ndio kuwaua.

Ila yule aliyelala ubavu bawa juu alikuwa mzima. Anaota jua, lile joto linasaidia kuwatoa wadudu kwenye manyoya. Kuzumburu naye anaota jua ila sababu yake ni tumbo, anakula majani mengi na matunda, kuyasaga kunataka joto, ndio maana anaanika tumbo lenyewe ambalo manyoya yake ni machache. Kuzumburu hayupo popote duniani isipokuwa Afrika, wageni wangu wanalipa nauli ya ndege kuja kumwona akining'inia hivyo.

fundi_vioo_nakuru

Sasa hiyo ya saiti mira ndio kazi yangu ya kila siku bana, mimi nauza na kufunga side mirror na nawaambia wateja hawaamini. Huyo ni shorewanda na hakipendi kioo hata kidogo. Anaona shorewanda mwingine ndani, mkubwa kama yeye, na kila akimtisha yule naye anamtisha, akipiga yule anapiga, haondoki! Kwake huyo ni mwizi wa eneo ameingia karibu na kiota chake, na mwizi wa kawaida angekuwa ameshatoroka, huyu haishi tu. Hapa Nakuru wa kwanza kwa hiyo tabia ni yule mweusi mweupe wa kutingisha mkia, anaweza kupigana na mirror asubuhi yote mpaka anachoka anakaa juu yake anahema.

Ndege wa kujijua kwenye kioo ni wachache sana. Kuna jamaa ya kunguru huko Ulaya anaitwa magpie, watafiti Ujerumani mwaka 2008 walimbandika alama ya rangi chini ya mdomo, mahali asipoweza kuona bila kioo, wakamweka mbele ya kioo akaanza kuikwangua ile alama kwa mguu wake mwenyewe. Shorewanda hana hiyo.

Dawa ni rahisi, gari likiegeshwa vuta soksi kuukuu juu ya mirror, au mfuko wa nailoni. Fanya kila siku mpaka msimu wa kutaga upite. Usimwonee hasira, anaumia yeye kuliko kioo, nguvu ya kutafutia watoto chakula inaishia kwa adui ambaye hayupo.

Bakari_Minneapolis

Mungu ampe nafuu bibi. Mimi niko Minnesota, Marekani, mwaka wa kumi na moja huu, kazi yangu ni ya usiku, asubuhi nikirudi nakaa jikoni na chai naangalia ndege kwenye kopo la mbegu nililotundika nje ya dirisha, kwa hiyo naelewa kabisa hiyo raha ya barazani.

Huku kuna mmoja anaitwa chickadee, kichwa cheusi mashavu meupe, mdogo kabisa, uzito wa kama gramu 11. Huyu hakai kwenye chakula. Anakuja anachukua mbegu MOJA ya alizeti, anaondoka. Anaenda kwenye tawi anaibana kwa miguu anaigonga mpaka ipasuke, anakula, au haili, anaenda kuificha kwenye gome la mti, kila mbegu na mahali pake. Nilidhani anazipoteza. Kumbe anazikumbuka, na zinamsaidia kipindi ambacho barafu imefunika kila kitu, usiku anashusha joto la mwili wake nyuzi nyingi tu ili mafuta yasiishe mpaka asubuhi. Wakati wa baridi kali hata maji ni shida kwao, yote yameganda, kwa hiyo karai langu lina waya wa umeme wa kupashia yasigande na wanajipanga hapo kama kwenye bomba la mtaa.

Na hawa nao wana mbabe wao, ndege wa bluu mkubwa anaitwa blue jay, anajua kuiga sauti ya mwewe. Sijui kama anakusudia lakini nimeona kwa macho yangu, amelia ile sauti, wadogo wote wametawanyika, yeye akatua kwenye mbegu. Kugawanya chakula kama alivyosema ndugu hapo juu ndicho kilichonisaidia na mimi, nimetundika kopo lingine upande wa choo ambako hafiki.

mamaNeema_usa

Jamani nimerudi, asanteni sana, nimewasomea bibi yenu kila mlichoandika.

Mkuu Mpandamlima, wapo! Wapo wa kahawia wanne, sisi siku zote tulikuwa tunawahesabu na jurawa. Leo saa mbili asubuhi wawili walitua kwenye ungo, nikamshika mama mkono nikajua sasa yule bwana anashuka. Akashuka kweli. Lakini hakuwagusa, alisimama hewani mbele yao, mabawa yanatetemeka haraka haraka, anapanda anashuka hapohapo na ule mkia unapiga mawimbi huku na huku, kama dakika nzima hivi, na wale wanaendelea kudonoa uwele kama hawamwoni. Mmoja akaruka akaenda, mwingine akabaki. Mama hakupiga kiti. Alikaa kimya mdomo wazi, halafu akaniuliza, kwa shida lakini neno likatoka lote: "Anaoa?"

Mshigi tumewamwagia nyuma ya jiko karibu na matete, siku ya kwanza hawakuja, ya pili hawakuja, jana jioni wakaja kumi na mbili. Yeye kutoka kwenye kamba huko haoni. Soksi tumevalisha, shemeji anacheka ila amekubali.

Sasa swali moja la mwisho. Kwenye majani marefu karibu na matete dada wa kazi ameona kiota cha nyasi, kina umbo kama kibuyu kimelazwa, mlango kama bomba pembeni, na juu yake kuna kingine kidogo kama kikombe hakina kitu. Mshigi anaingia na kutoka kwenye kile cha chini. Kama yule jike la fumbwe ametaga humo si nitoe yai lake?

Mpandamlima77

Usiguse mama. Hicho ni kiota cha mshigi haswa, na hicho cha juu ndivyo wanavyojenga, kikombe kitupu juu ya kiota chenyewe, wengine wanasema ni cha kumpoteza maboya mwizi. Kwanza mayai ya wote ni meupe, la fumbwe limezidi kidogo tu kwa ukubwa, ukikosea umetoa la mshigi mwenyewe. Pili kinda la fumbwe halitupi makinda ya mwenye nyumba nje, wanakua pamoja. Ndani ya mdomo wake kuna madoa yanayofanana na ya makinda ya mshigi, akifunua mdomo mama mshigi anaona ni mwanawe anamlisha.

Wambie watoto wasipite hapo, wasifyeke hayo majani mpaka wiki tano sita zipite, na paka kama yupo afungiwe asubuhi. Bibi mwambie ndiyo, anaoa, na huyo aliyebaki kwenye ungo huenda ndiye atakayeenda kwenye hicho kiota.

mamaNeema_usa

Nimemwambia. Ameomba kiti chake kiwekwe kwenye kona ya nyumba, pale unapoona kamba ya nguo upande huu na matete upande ule. Kamba nimeiacha, nguo naanika uani kwa jirani.